Muhidini na Kibao cha Pande Mbili

Kabla sijasema lolote la maana juu ya Fundi Muhidini, nianze na mtaro. Pale Ilomba, hapa Mbeya, mbele ya mashine ya kusaga ya Mzee Ambrosi, kuna mtaro wa maji ya mvua, na katika mtaro huo Muhidini ametumbukia mara nne kwa hesabu yangu mimi. Si ulevi. Yule hajaonja hata togwa iliyolala. Ni kwamba akishaandika kibao cha mtu lazima arudi kinyumenyume, macho hayabanduki kwenye herufi, hatua kumi, ishirini, arobaini, aone kama zinasomeka kwa mbali. Akitumbukia anainuka, anakung'uta matope kwenye lile koti lake la kahawia, halafu anamkamata mtu wa kwanza anayepita. "Samahani mama, pale pameandikwa nini?" Wala hajali kama huyo mama ana ndoo ya maji kichwani.

Watu walimcheka. Mimi nilimcheka kuliko wote, na wanaonijua wanajua kwamba mdomo wangu haujatiwa breki. Lakini mtu huyo ndiye aliyenibakiza Mbeya. Siku hizi macho yake yameingia ukungu, brashi kaziweka chini, na vijana wanapita wakimwona mzee tu amekaa barazani. Wacha niseme habari zake, maana watu wa Ilomba kwa kusahau hawajambo.

Babu yake alikuja huku bara akitokea Kilwa, akafia Mbeya, lakini Muhidini mwenyewe alizaliwa hapa hapa kwenye baridi. Nyumbani kwake alisema Kiswahili cha kwao, laini, cha adabu. Akitoka nje alikichanganya na Kisafwa na Kinyakyusa mpaka mkewe, Mwanakhamisi, akawa anamwambia ateme moja ameze moja. Kazi yake ilikuwa kuandika. Aliandika majina kwenye milango ya malori, aliandika bei kwenye bucha, aliandika "Usikojoe Hapa" kwenye kuta za watu waliochoka. Brashi zake alizitengeneza mwenyewe kwa singa za mkia wa ng'ombe, na moja ilikaa juu ya sikio la kulia siku zote, kwa hiyo sikio hilo lilikuwa na rangi ya kazi ya jana. Mwanakhamisi alikuwa anasema, "Nikitaka kujua mume wangu jana alishinda wapi, simuulizi, natazama sikio."

Mimi naitwa Kudra. Mwanzoni mwa mwaka sabini na tano nilipewa talaka yangu, na sitaki kuieleza, yalipita. Nilitoka na nguo zangu na cherehani ya marehemu mama, ile ya kukanyaga, nikapanga chumba kimoja cha uwani nyuma ya mashine ya Ambrosi. Eda ilipokwisha, kaka yangu Isihaka akanitumia salamu kutoka Iringa. Kaka Isihaka ana duka la vyombo pale Miyomboni, ndiye mkubwa wetu, na tangu baba alipofariki yeye ndiye baba. Mwanamke aliyeachwa kukaa peke yake kwenye mji wa watu, kwake ilikuwa aibu. Zaidi ya aibu ilikuwa wasiwasi. Wifi alinisimulia jinsi kaka alivyokuwa hali vizuri kwa ajili yangu. Salamu za kaka zikasema: "Nakupa mwaka huu mmoja. Mwisho wa Januari nitakuja mwenyewe kuona. Kama watu wanakuja, kaa. Kama hawaji, unafunga mzigo, unakuja Iringa, chumba kipo, utamsaidia wifi yako."

Kumsaidia wifi! Wifi yangu nampenda, lakini alikuwa anapika chakula cha kuuza, na vitunguu vilikuwa vinamfikia kwa magunia kutoka Ruaha Mbuyuni. Nilijiona mpaka uzeeni nimekaa kwenye kigoda namenya vitunguu, machozi yananitoka, na cherehani ya mama imewekwa kona na juu yake wamepanga masufuria. Hicho ndicho nilichokiogopa. Sikuogopa njaa, niliogopa hicho kigoda.

Sasa kaka, pamoja na ukali wake, akanitumia zawadi. Siku moja basi la Iringa likasimama kituoni, kondakta akashusha kutoka juu ya keria mzigo mrefu umefungwa blanketi kama mgonjwa. Kufungua, ni kibao! Ubao wa mninga, rangi ya buluu, herufi za dhahabu zimejikunjakunja, na kila pembe ua la waridi. KUDRA MODERN OUTFITTERS & GENERAL TAILORING MART, PLOT 14, BLOCK C. Kaka alipata kuwa karani enzi za Mwingereza, na Kiingereza kwake ndiyo heshima yenyewe. Nilikaa chini nikalia kwa furaha. Nusu yake sikuweza kuisoma, lakini jina langu nililiona, la dhahabu.

Nikakitundika juu ya mlango. Lo, salale! Tangu siku hiyo wazee wakipita wanavua kofia. Walidhani ni ofisi. Kijana mmoja aliniletea barua ya kuomba kazi ya ukarani, kaiandika vizuri kweli. Mama mmoja akaja kuomba kibali cha pombe ya msiba, na nilipomwambia sina akasema ofisi zote ndivyo mnavyosema. Na hiyo ploti kumi na nne, hata balozi wa nyumba kumi alikuwa haijui. Mwezi wa kumi ulipoingia nilikuwa nashona viraka vya majirani tu, tena wale wanaonionea huruma, huku mafundi wa barazani kule mjini wateja wanakanyagana.

Mwanakhamisi ndiye aliyenitumia mumewe. Muhidini alikuja asubuhi, mikono nyuma, akakitazama kibao. Akarudi kinyumenyume. Akatumbukia, hiyo ilikuwa mara ya kwanza. Alipopanda akaniuliza, "Dada Kudra, hapa mnafanya kazi gani?"

"Ala! Hujui kusoma, fundi?"

"Nimesoma. Ndiyo maana nauliza."

Nikahisi moto kichwani. Nikamwambia nashona. Akauliza nashona nini. Nikamhesabia: magauni, kanzu, mapazia, foronya, mashati, suruali, nguo za shule, vitambaa vya makochi, hata kofia nikitaka. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Na kipi unakishona kuliko mafundi wa mjini?"

"Vyote!"

"Basi hakuna," akasema, kwa upole kabisa, na upole wake ndio ulioniudhi. Nilimfukuza na rula ya mbao mpaka kwa Ambrosi.

Unadhani alikasirika? Kesho yake nikasikia Muhidini amekaa kituoni. Amekalia gunia karibu na muuza kahawa, ana daftari la shule na penseli, hanunui kitu, hasafiri, hamngojei mtu. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu muuza kahawa alikuja kumwuliza Mwanakhamisi mumewe ana ugonjwa gani. Mwanakhamisi akamjibu, "Huo huo wa siku zote." Kumbe ndivyo kazi yake ilivyokuwa. Hakuwahi kuandika kibao cha mtu kabla hajakwenda kukaa mahali watu wanaposhukia, asikilize wanaulizaje. Aliandika kama walivyotamka, neno kwa neno, na makosa yao.

Akaja na daftari lake, akakaa mbali kidogo na ile rula, akanisomea.

"'Hapa karibu nani anashonaga nguo za shule?' Hao kumi na mmoja. 'Kuna fundi wa kungoja, nguo nitoke nayo leo?' Saba. 'Fundi ambaye hasemi njoo kesho yuko wapi?' Sita, na mmoja wao alikuwa karibu kulia. 'Mashine ya kusaga iko wapi?' Hiyo hata sikuhesabu."

"Na ploti kumi na nne?"

"Hakuna."

"Na hilo neno la Kiingereza, Outfitters?"

Akafunga daftari. "Dada yangu, hata mmoja."

Iliniuma. Nisiseme uongo, iliniuma kama kuchomwa sindano chini ya ukucha. Watu wote hao walishuka pale, wakaulizia kazi yangu, kazi ninayoiweza, nguo ya mtoto naikata asubuhi na jioni anaivaa, halafu wakapita mlangoni kwangu wamevua kofia wakaenda kusumbuliwa mjini. Nilimwuliza kwa sauti ndogo kama anataka kanzu na mapazia yangu niyatupe.

"Usitupe kitu," akasema. "Wakishaingia watayaona. Lakini mtu anatembea, mtoto mkononi, mvua inanyesha. Atasoma maneno machache, na asisimame. Hayo machache yawe yale aliyokuja nayo mdomoni."

Tatizo likabaki moja, nalo ni kaka. Kukiteremsha kibao cha kaka mkubwa ukakiweka uvunguni ni sawa na kumwambia hukutaka kitu chake. Kwetu haifanyiki. Nilimwambia Muhidini ni heri nimenye vitunguu. Akakitoa ukutani, akakipindua, akapapasa mgongo wa ubao kwa kiganja. Akaniuliza kama nina haja nao kwa siku nne. Akaondoka nao kichwani.

Aliporudi akakitundika mwenyewe: upande wa buluu ulikuwa umelala ukutani, mzima, haukuguswa, na upande wa nyuma ulikuwa mweupe na herufi nyeusi nene zilizosimama wima. NGUO ZA SHULE. LETA ASUBUHI, CHUKUA JIONI. Chini, ndogo, KUDRA. Na kushoto akachora shati, kubwa, jekundu, lina mfuko.

"Shule gani hiyo yenye shati jekundu?" nikamwuliza.

"Ya kuonekana," akajibu, akaanza kurudi kinyumenyume.

Akatengeneza na vibao vingine viwili vidogo, kila kimoja kina shati lile lile na mshale. Kimoja akakipigilia kituoni, cha pili kwenye ukuta wa mashine, Ambrosi aliridhia, kikasema NYUMA YA MASHINE HII. Malipo yake nilimshonea shati la mikono mirefu. Wiki ile ile lilikuwa na rangi kwenye kola.

Mwezi wa kumi na mbili wakaanza kuja mmoja mmoja. Baada ya mwaka mpya, jamani! Benchi likajaa, nikaazima la Mwanakhamisi, nalo likajaa. Nilikula nimesimama. Alikuja mzee mmoja wa Kisukuma, anaitwa Nkuba, wale waliohamia bonde la Usangu na ng'ombe zao. Alipanda basi Igurusi akiwa na kitambaa cha mtoto wake wa kiume. Nikamwuliza alipajuaje. "Mimi maandishi siyajuagi, mama," akasema. "Nililiona shati, nikalifuata, likaniambia kata kulia." Aliondoka jioni na nguo mkononi, akaniahidi kumleta binti yake, Mbuke, aliyechaguliwa kwenda sekondari ya bweni. Kituoni wakaacha kabisa kunitaja jina. Nikawa mama wa nguo za shule. Hata sokoni: mama wa nguo za shule, nyanya hizi hapa. Sikujali. Nilipenda.

Ndipo barua ya kaka ikafika. Anakuja Jumamosi.

Hapa ndipo nilipofanya ujinga wangu, na nausema mwenyewe kabla hajausema mtu. Badala ya kufurahi kwamba atakuta mlango umejaa, kichwani mwangu niliona kitu kimoja: kaka amesimama nje, anatafuta waridi zake, anaona mgongo wa ubao wake umechorwa shati jekundu. Baba yangu huyo. Nilikosa raha siku tatu. Ijumaa alasiri, mteja wa mwisho alipotoka, nikapanda kwenye kigoda nikakigeuza kibao. Upande wa kaka ukatoka nje, unang'aa kuliko siku ulipofika, nikadhani ni kwa sababu haukupigwa jua. Halafu nikaenda kung'oa vile vidogo, cha mashine na cha kituoni, nikavificha nyuma ya kabati. Maana angeviona angeuliza.

Kabla sijavificha, Muhidini alinikuta nimevikumbatia njiani. Akaangalia yale matundu ya misumari kwenye vibao.

"Dada Kudra, kesho ni Jumamosi ya mwisho. Wa shule za bweni wanaripoti Jumatatu."

"Jumamosi ziko nyingi, fundi. Kaka ninaye mmoja."

"Ni kweli," akasema. Na alikuwa hasemi uongo, kweli aliona ni kweli, lakini uso ulimshuka. Akaondoka bila kuaga, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu nimjue.

Jumamosi ikanyesha tangu asubuhi, mvua ya Mbeya ile nyembamba isiyojua kuchoka. Nilipika pilau. Nilifagia mara tatu. Asubuhi wakaja wateja kadhaa, nikashangaa wamepataje njia, nikasema labda wamezoea. Baadaye muuza kahawa ndiye aliyenieleza. Muhidini alikuwa kituoni tangu basi la kwanza, amesimama palepale nilipong'oa kibao, amelowa chapachapa, mkono ameunyoosha. Kila aliyeshuka na mtoto na kitambaa alimwambia, "Nguo za shule? Fuata njia hii, nyuma ya mashine." Hakula, hakukaa. Adhuhuri alipokwenda msikitini, ndipo mlangoni kwangu pakawa kimya.

Nikakaa kwenye cherehani nachungulia dirishani. Nikamwona Mzee Nkuba anakuja, kajifunika mgolole, na nyuma yake msichana mrefu ana kitambaa kifuani asikiloweshe. Moyo ukafurahi. Wakasimama chini ya kibao. Nkuba akainua uso, akatafuta shati lake. Msichana akasoma, midomo inacheza, akatikisa kichwa. Nikamsikia, "Baba, siyo hapa. Hapa ni ofisi." Wakageuka.

Niliruka, futi ya kupimia shingoni, nikafungua mlango niwaite. Nikakutana uso kwa uso na kaka Isihaka. Viatu vyake vya Iringa vimejaa matope, begi begani, kofia imelala.

"Shikamoo kaka."

Hakuitikia. Kaka Isihaka asipoitikia salamu, ujue mambo si mambo.

"Nimezunguka saa nzima, Kudra," akasema. "Saa nzima! Nimeshuka, nimeuliza Kudra Outfitters, wamenitazama kama nauliza njia ya mbinguni. Nimeuliza ploti kumi na nne, hakuna. Nimesema basi, Kudra, dada mwembamba, mweupe kidogo, ana maneno mengi. Hakuna! Muuza kahawa ananiambia, labda unamtafuta mama wa nguo za shule? Nikamwambia mimi sina haja na mama wa nguo za shule, mimi namtafuta dada yangu."

Nilifumbua mdomo. Akainua mkono.

"Ngoja nimalize. Kila ninayemwuliza ananitajia huyo huyo mama. Yule mzee wa Usangu nimetoka naye kituoni, tumetafuta pamoja kwenye mvua, anasema alifika mara moja tu kwa kufuata picha ya shati, na leo haioni. Ametoka kwake alfajiri kwa ajili yake yeye tu! Anasema hakuna fundi kama yule, leta asubuhi, chukua jioni, hana maneno ya njoo kesho. Huyo ndiye mtu anayefanya kazi, Kudra. Simjui, lakini nimemheshimu kabla sijamwona. Ungekwenda kwake ukajifunza, tusingefika hapa. Mwaka mzima, na mji haukujui hata jina." Sauti yake ikapungua, nikaona hakuwa amekasirika, alikuwa ameumia. "Funga mzigo, mdogo wangu. Tunaondoka na basi la saa tisa."

Sijui kilichonipata. Nilianza kucheka, halafu machozi yakawa yananimwagika, nikawa nafanya yote mawili kwa pamoja, nimeshika futi shingoni kama mwendawazimu.

"Kaka," nikasema, "yule mama ni mimi."

"Usinifanyie mzaha."

"Wallahi ni mimi."

Hakuniamini. Kwa nini aniamini? Juu ya kichwa chake mlango wenyewe ulikuwa unasema kitu kingine, na aliyekipindua kibao ni mimi kwa mikono yangu.

Muhidini akatokea pembe ya mashine, anatoka kuswali, kofia na koti vinatiririka maji. Akatutazama, akatazama juu, akaelewa. "Asalaam aleikum, kaka," akasema. Akaingia ndani bila kukaribishwa, akatoka na kigoda, akapanda, akakitoa kibao kwenye misumari, akakigeuza, akakishika kifuani pake kama mtoto wa shule aliyeshika slati.

Kaka akasoma. Alisoma kwa sauti, taratibu, mpaka jina langu pale chini. Nilitamani ardhi inimeze. Akanyoosha mikono, akakichukua kibao kwa Muhidini, akakigeuza upande wake. Akapitisha kidole juu ya herufi za dhahabu, akapitisha juu ya waridi moja, halafu la pili.

"Huu umepakwa vanishi," akasema. "Mimi sikuupaka. Nani kaupaka?"

Mimi mwenyewe sikujua. Haki ya Mungu sikujua, nilikuwa nasema ni kwa kutopigwa jua.

"Mimi," akasema Muhidini.

"Kwa nini? Upande huu ulikuwa ukutani. Hauonekani na mtu."

"Ukuta wa huku una unyevu, kaka," akasema Muhidini, anaona haya kama aliyekutwa na kosa. "Ungeyala maua. Na ni zawadi ya kaka mtu."

Mvua ikawa inapiga kwenye bati la Ambrosi. Kaka Isihaka akavua miwani, akaifuta, akaivaa, ikawa bado ina maji, akaacha. Halafu akageuka ghafla kama aliyekumbuka kitu.

"Yule mzee kaenda wapi?"

Walikuwa wameshafika barabarani, Nkuba na Mbuke wake, wamesimama ukingoni mwa lami wanangoja basi la kurudi. Kaka hakuvua hata viatu. Akapanda kigodani na matope yake, akakitundika kibao, shati jekundu nje, akakinyoosha kisilale upande. Na yule kaka yangu, ambaye tangu nizaliwe sijamsikia akipaza sauti njiani, akashika nguzo ya baraza, akaita mpaka mashine ya Ambrosi ikawa haisikiki.

"Mzee! Mzee wa Usangu! Rudi! Ni hapa! Mama wa nguo za shule ni dada yangu!"

Mbuke aliondoka saa kumi na moja na sketi mbili na blauzi mbili. Vifungo vya blauzi ya pili alivishona kaka Isihaka, amekaa benchini na wateja, na basi la saa tisa lilipopiga honi kule barabarani hakuinua hata kichwa.